Jina Lililobaki Kwenye Gemu

Jua likizama, Marcella alimwomba mwanawe Kithinji kitu kidogo tu. "Ile gemu ya ndege ya baba yako, ifanye itoe sauti. Hii nyumba imenyamaza sana."

Mumewe, Mwalimu Mithika, alizikwa Agosti. Novemba, Kithinji na mkewe Gacheri wakapata mvulana, na jina halikujadiliwa. Kifungua mimba wa kiume hubeba la babu yake, ndivyo Wameru hufanya hata wakihamia mtaa wa Majimbo, Embu mjini. Marcella humtania huyo mjukuu, "Bwanangu, umekula?"

Kithinji akapangusa vumbi kwenye kompyuta, akafungua gemu. Ikauliza mchezaji ni nani. Akabonyeza jina alilolikuta pale: Mithika.

Kimya. Kisha gemu ikajifunga yenyewe.

Chumbani, kilio cha mtoto kikakatika... kikaendelea.

Kithinji hakutilia maanani. Gemu za zamani zina vituko vyake. Akaweka upya draiva, programu ya kuendesha sauti, akachagua Mithika. Ikajifunga. Kilio kikakatika tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Mtoto anakabwa na nini?" Gacheri aliuliza kutoka chumbani.

"Mbembeleze tu."

Akaiamuru kompyuta iendeshe gemu kana kwamba ni mashine ya zamani, akapunguza ubora wa sauti. Mithika.

Spika zikakwaruza. Injini ya ndege ikanguruma! Kithinji alifurahi, mpaka aliponusa ugoro... ugoro wa baba yake.

Nyuma ya injini kulikuwa na mtoto analia.

Ndani ya spika.

Gacheri akatoka chumbani, mtoto mikononi. Mdomo wa mtoto ulikuwa wazi, machozi yanamtiririka, na hakuna sauti.

"Kithinji... umefanya nini?"

"Nimechagua tu jina la baba."

"Si hilo jina tulishampa mtoto! Sasa ulikuwa unaita nani?"

Mtoto akafumba mdomo. Akakohoa. Kikohozi kizito, cha mzee aliyemeza vumbi la chaki maisha yake yote.

Kithinji akarukia kibodi. Sasa gemu ikakataa kufungika. Akaukamata waya wa stima auchomoe, lakini mkono wa mama yake ukamshika kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Marcella alikuwa akimtazama mtoto, uso umejaa furaha.

"Mama, niachilie! Mtoto wangu yuko humo ndani!"

Kwenye spika, kilio kilianza kufifia.

"Ngoja," Marcella akanong'ona. "Wacha kwanza nimsalimie bwanangu."