Mkono wa Chumba cha Sauti

Kwenye rekodi, katikati ya sentensi mbili za Mkwe, palikuwa na sentensi ya tatu ambayo hakuna aliyeiandika. Ilinong'onwa: "Toa mkono."

Mwigizaji aliyeitwa Mama Mkwe, kwa sababu ya nafasi yake kwenye mchezo, alivua hedifoni. "Umeisikia?"

"Naifuta kila siku, dada," alisema fundi mitambo bila kugeuka. "Hata ya kwako niliifuta."

Mchezo wao wa redio ulikuwa na miaka mitatu hewani. Wasikilizaji waliapa kwamba Mama Mkwe na Mkwe wanagombania jiko moja. Uongo mtupu! Kila mwigizaji aliitwa siku yake, akafungiwa peke yake chumbani, akasoma mistari yake na kwenda zake. Fundi ndiye aliyewagombanisha kwa kompyuta. Bosi alidai ni kuokoa muda. Mama Mkwe hakuwahi kumwona Mkwe kwa macho. Alijua tu kwamba ni binti mwenye digrii ya sanaa, na kwamba fremu ya digrii hiyo ilipata pa kukaa ukutani kabla mwenyewe hajapata kazi.

Mkono, ndiyo, aliujua. Mlango ukifungwa na taa nyekundu ikiwaka, inakuja harufu ya manukato ya Bosi, nzito, kama maua yaliyoozea kwenye maji, halafu baridi shingoni, halafu vidole, vinashuka taratibu huku wewe unasoma, unasoma kwa sababu kazi ni kazi, na ukiinua macho unamwona Bosi ng'ambo ya kioo, anatabasamu, mikono yake yote miwili juu ya meza, pete na saa, huna cha kumshtakia.

Yule dada aliyeigiza Jirani alikwenda kulalamika. "Relax, sisi hapa ni family," akajibiwa. Kesho yake akaamka bubu. Kwenye mchezo wakamuua kwa malaria.

"Na Mkwe kaomba kumwona Bosi kesho, naye alalamike," Fundi alisema. "Peke yake."

"Yote haya unayajua, ukanyamaza?"

"Na wewe je?"

Mama Mkwe akavuta kiti, akakaa. Alichoka ghafla, uchovu wa miaka mitatu kwa mkupuo.

Jioni hiyo walikwenda kwa shangazi yake Fundi, mganga. Aliwasikiliza huku anakunja nguo.

"Ubani wangu msiupoteze. Hilo jini kuna mtu kalifuga, na linakula mmoja mmoja. Ingieni wengi, watu wasikie, litakosa pa kushika."

"Tukishindwa, shangazi?"

"Mtakuwa mabubu wengi, mwanangu. Angalau mtapata wa kupiga naye soga kwa vidole."

Mama Mkwe akawapigia simu waigizaji wenzake wa kike, akianza na Mkwe. Wawili walikata. Mmoja alilia, kisha akasema atakuja. Yule bubu aligonga simu kwa ukucha, mara moja: ndiyo.

Asubuhi, wakati wa kipindi, wanawake saba walijibana kwenye chumba cha mtu mmoja.

"Mama Mkwe, kumbe mfupi hivi!" Mkwe alinong'ona.

"Nitakugombeza baadaye."

Bosi akakaa ng'ambo ya kioo, akaweka mikono mezani. "Jamani, hicho chumba cha mtu mmoja," alicheka. Alijua analolitegemea.

Taa nyekundu ikawaka. Fundi hakurekodi. Aliwarusha hewani moja kwa moja.

Harufu ikaja. Baridi ikagusa shingo ya kwanza. "Limenishika mimi," akasema mwenye shingo, akataja jina lake kamili. Likahama, na wa pili akasema, likahama tena, haraka, shingo hadi shingo, kama mwizi anayejaribu milango, na kila lilipotua lilikuta mdomo uko wazi, mpaka likamfikia yule bubu, naye akaachama, ikatoka hewa, kisha mkwaruzo, kisha: "Na mimi."

Bosi alisimama akimbie. Mikono yake haikumfuata. Iliganda mezani, naye akawa anaivuta, anaivuta, kama mtu aliyebanwa na mlango, huku akigeuka kutazama nyuma ya shingo yake, baridi ilikohamia.

Simu za kituo zikaanza kulia. Fundi akapokea moja, akaiweka kwenye spika.

"Mimi mwimbaji," ilisema sauti nyembamba. "Studio nyingine kabisa. Huku kwetu pia lipo."

Mama Mkwe akajibwaga sakafuni. Alitaka kulala tu. "Mko wangapi huko, mdogo wangu?"

"Sijui. Hatujawahi kuulizana."

Kwenye simu, karibu kabisa na mdomo wa mwimbaji, mtu mwingine alikuwa akihema.

"Usikate simu," alisema Mama Mkwe, akajiinua kwa kushika ukuta. "Tuelekeze njia."