Pimajasho Yamchagua Mkingaji

Pimajasho iliutazama msimu mzima kwa dakika nne. Kila mechi ya mpira wa Kimarekani, kila hatua, kila kishindo kilichonaswa na vihisio vilivyoshonwa ndani ya kofia za wachezaji, vyote vilipita ndani ya mtambo ule usio na sauti. Kisha jina la Mchezaji Bora likatokea kwenye kioo.

Mhandisi Mwajabu Shemdoe alilisoma, akakaa chini. Kaniki Shemdoe. Mdogo wake wa tumbo moja.

Kwa miaka arobaini na moja tuzo ya Mchezaji Bora ilikuwa haiwatoki warushaji. Mrushaji ndiye anayeupeleka mpira mbele, na macho ya watu humfuata yeye. Wakingaji, wale watano wanaopokea vishindo ili yeye apate sekunde tatu za kufikiri, hawakuwahi kuigusa. Malalamiko yalipozidi, chama cha mpira kilimwajiri Mwajabu aunde Pimajasho, mtambo usiojua umaarufu. Mitambo ya zamani ilihesabu yaliyotokea. Wa kwake ulihesabu pia yaliyozuiwa yasitokee.

Wataalamu watatu wasiomjua Kaniki walirudia hesabu. Jibu likawa lile lile.

Mwajabu akamwita nduguye ofisini kwake, Detroit. Kaniki aliingia akicheka, mabega yamejaa mlango.

"Dada, ni kweli nimeshinda?"

"Umeshinda. Lakini keti kwanza."

Akamwonyesha kioo. Kanuni zilitaka ushahidi wote utangazwe pamoja na jina, na ushahidi wenyewe ulikuwa mapigo ya kichwani elfu tisa mia tatu na kumi na sita. Kando yake mtambo ulikuwa umechora ubongo wa Kaniki, umetapakaa madoa ya majeraha kama nguo iliyoota ukungu.

"Daktari wa chama akiiona hii, hutacheza tena," Mwajabu alisema.

Kaniki aligeuza uso kutoka kwenye kioo. "Basi mpe mrushaji wetu. Yeye ameshazizoea hizo tuzo."

"Kaniki!"

"Nina miaka ishirini na tisa, dada. Nje ya uwanja mimi ni nani?"

"Nikiificha nitakuwa nimekuua kwa mkono wangu."

"Na ukiitangaza?"

Mwajabu aliitangaza.

Ukumbi mzima ulisimama kumshangilia mkingaji wa kwanza. Mrushaji wake alimkumbatia, akalia mbele ya watu. Siku iliyofuata daktari alitia saini barua ya kumzuia kucheza, na Kaniki akakabidhi jezi yake bila kumtazama dada yake.

Wakingaji wenzake walijifunza upesi. Msimu mpya ulipoanza, wengi wao walikuwa wameving'oa vihisio kwenye kofia zao. Heri wasionekane, walisema, kuliko kuonekana na kurudishwa nyumbani. Pimajasho ikawa haioni chochote mbele ya mrushaji, ila uwazi mtupu ambao yeye aliupita peke yake kwa miujiza.

Kufikia mwisho wa msimu huo Kaniki alikuwa akiishi kwa Mwajabu, kwa kuwa alishaanza kusahau jiko likiwaka. Waliangalia utoaji tuzo pamoja sebuleni. Lilipotajwa jina la mrushaji wake wa zamani, Kaniki alipiga makofi.

"Anastahili," alisema. "Huyu bwana hajaangushwa hata mara moja!"

Mwajabu alimgeukia haraka, akitafuta kejeli katika uso ule. Hakuiona.

"Hivi, dada," Kaniki aliuliza, "ni nani waliokuwa wakimkinga?"