Mzee wa Migombani

Siku hiyo gulio la Itungi lilifurika, maana meli ya Mdachi ilikuwa imetia nanga. Kijana mmoja mwenye shuka jeusi begani, akirudi kinyumenyume huku anaikodolea macho, akakanyaga chungu cha Neli, msichana muuza vyungu. Kikapasuka.

"Umeiona meli vizuri?" Neli akauliza, akikung'uta udongo kwenye gauni lake la misheni.

"Sasa nakuona wewe."

Aliitwa Ambilikile, wa Ngonga. Alilipa kwa mpunga. Gulio lililofuata akanunua chungu kingine, na kingine tena, hata Neli akamuuliza kama kwao wanakula vyungu.

Neli hakuwa na kwao. Wazazi wake, Wakisi wa ufukweni, walizama ziwani angali ananyonya, akalelewa misheni. Alimwambia Ambilikile kwamba hajawahi kumwita mtu baba.

"Njoo kwetu," akasema Ambilikile. "Wangu atakuwa wako."

Njia nzima Neli alikariri salamu. Walipofika, Ambilikile akatangulia jikoni kumwita mama yake. Mzee, baba yake Ambilikile, akatoka nyumbani, akamwona Neli, akajifunika shuka usoni na kutokomea migombani. Neli akageuka na salamu yake mdomoni, akarudi misheni. Ambilikile alipomfuata, hakumfungulia.

Siku ya gulio mama yake Ambilikile, Angetile, akaja mwenyewe, akaketi kando ya vyungu.

"Mwanangu, mbona ulikimbia?"

"Mzee ndiye aliyenikimbia, mama."

Angetile akacheka hadi akafuta machozi. Huko misheni, akasema, hawakumfundisha kitu.

"Angekuona mgeni, angekukaribisha togwa. Mzee hamkimbii mgeni. Anamkimbia mkamwana wake, mke wa mwanawe; ndiyo heshima yetu."

"Kwa hiyo sitamwita baba?"

"Hutamwita, wala hutamtazama usoni. Lakini ukiugua, yeye ndiye hatalala."

Neli akafunga vyungu vyake.

Jioni ile walikuwa wanakaribia nyumbani Ngonga, yeye na Ambilikile aliyekuja kumpokea njiani, mzee alipotokea mbele akiswaga ng'ombe. Neli akavuta kitambaa chake usoni, akaingia migombani. Mzee naye akaingia migombani upande wa pili. Ambilikile akabaki njiani na ng'ombe.

"Neli, nilitaka kukuuliza kama utaolewa nami."

"Unadhani najificha kwa ajili ya nini?"

Ng'ambo ya njia mzee akakohoa taratibu, kama mtu anayeitikia salamu.