Komeo la Stoo ya Malaki

Giza lilikuwa linaingia Sefina na binti yake Lagi walipofika kwa Malaki, kaka yake Sefina, katika nyumba ya wazazi wao karibu na mto, pembeni mwa mji wa Apia. Walikuwa wameshinda wakizunguka shule moja baada ya nyingine. Lagi alikuwa amemaliza masomo ya kijijini kwao, kisiwani Savaii, na sekondari ya karibu haikuwepo.

"Mmepata?" Malaki aliuliza, akiwakatia magimbi ya kuchemsha.

"Tumeipenda ile ya masista, kaka. Ya bweni."

Kisu kikasimama.

"Ile? Itamjaza kiburi tu. Mwache akae hapa kwangu, asaidie kazi, asome hapo jirani."

"Dada Ianeta alifaulu kwenda hiyohiyo."

"Na yuko wapi?"

Ianeta, dada yao, alikufa siku ya kimbunga, kabla hajaanza shule hiyo. Malaki ndiye aliyesimulia: Ianeta alitoroka, akaenda mtoni, maji yakamchukua. Sefina alikuwa mdogo mno kuuliza.

Huko nje baragumu likalia, kuita watu kwenye sala ya jioni. Wakaketi mkekani. Malaki akainamisha kichwa, akaanza kusali.

Lagi akacheka.

Hakikuwa kicheko chake.

Harufu ya langilangi ikajaa chumbani... nzito, kama maua yaliyoozea majini.

"Malaki," mtoto akanong'ona. "Usingizi unakuja?"

"We Lagi! Ndivyo unavyomwita mjomba wako?" Sefina akamshika bega. Lilikuwa baridi kama samaki. Nywele zake zilikuwa zinachuruza maji.

"Mwambie nilikuwa wapi, Malaki."

Malaki akaruka juu. "Pepo huyu! Nitamchapa mpaka atoke!" Akakimbilia stoo ya mawe nyuma ya nyumba kuchukua fimbo. Sefina akamfuata mbio.

Malaki alipoingia tu, mlango ukajibamiza.

Paa!

Kisha komeo la nje, taratibu... kwaruu... likajisukuma lenyewe mpaka mwisho.

"Sefina! Nifungulie! Maji!"

Mvua haikuwa imenyesha kwa siku nyingi. Lakini nyuma ya mlango ule maji yalisikika yakipanda. Gulu... gulu...

Sefina akashika komeo. Mkono mdogo, wa baridi, ukatua juu ya mkono wake.

"Na mimi nilimwita hivyohivyo," mtoto akanong'ona. "Alinifungia humu nisiende shule. Nikapiga mlango. Alikuwa amesimama hapo uliposimama wewe."

"Kaka, ni kweli?"

"Fungua kwanza!"

"Ni kweli?"

"Nilitaka kumtisha tu! Mto ukafurika... nikaogopa kufungua, maji yangenizoa na mimi... Yalipopungua nikamtupa mtoni... Nifungulie, dada yangu, nakuomba!"

Sefina akamkumbuka Ianeta, aliyembeba mgongoni na kumwimbia.

Akaondoa mkono kwenye komeo.

Malaki alipiga mlango kwa ngumi. Halafu kwa viganja. Halafu ikawa kama anakwaruza.

Sefina hakusogea.

"Mama," Lagi akasema kwa sauti yake mwenyewe, akitetemeka. "Nani huyo yuko ndani?"

Hapo ndipo alipofungua.

Sakafu ilikuwa kavu, ina vumbi. Malaki alikuwa amelala juu yake, ameloa chapachapa, anatapika matope.

Alipona. Alikwenda kwa mchungaji akaeleza yote, na ukoo mzima ukajua. Siku hizi analala kwenye kibanda kisicho na kuta, na mvua ikianza tu, hulia kama mtoto mchanga.

Lagi akaandikishwa kwa masista. Hakukumbuka kitu, au ndivyo mama yake alivyoamini. Siku ya kumpeleka, sista alimpokea begi, mama na mwana wakakumbatiana getini. Mtoto akamsogelea sikioni.

"Mbona ulimfungulia, mdogo wangu?"