Springi za Kumbeba Mama Mkwe

Kifuniko cha chuma kilipita sikioni mwa Antipasi kikipiga mluzi, kikakata ukingo wa kofia yake na kupotelea angani. Kikafuata kipande cha mti wa mninga. Kikafuata springi, ikijinyonga hewani kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Halafu ikaruka asali, ikamjaa usoni.

Ndiyo, asali. Tutafika huko.

Pikipiki ilipiga goti upande mmoja, usukani ukamponyoka, gurudumu la mbele likajikunja chini ya injini. Antipasi alianguka kwa kifua. Akiwa bado anajiuliza kama angali hai, alimwona mama mkwe wake akipita juu ya kichwa chake, kitenge kimefunguka kama bendera ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akatua vichakani kwa kishindo. Kibuyu cha maji kilitangulia kutua, kwenye jiwe, kikapasuka.

Kimya. Hata ndege walishangaa.

Pikipiki ile ilikuwa ya jeshi, imerudi kutoka vitani ikiwa imechoka kuliko askari. Shokapu zake, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele, zilikuwa zimelegea hivi kwamba ukigusa breki inainama kama mtu anayetafuta sindano. Antipasi peke yake aliivumilia. Lakini mkewe Dina, kule Itigi, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na hakutaka mkono mwingine umpokee mtoto ila wa mama yake. Ilibidi mama afuatwe kijijini, ng'ambo ya msitu. Na Mama Elizabeti, tuseme kwa heshima zote, alikuwa mwanamke aliyekamilika kila upande.

Kwa hiyo Antipasi akatafuta springi ngumu kwenye vyuma chakavu vya karakana ya reli. Zilikuwa ndefu kupita mabomba yenyewe; bado akaongezea juu kipande cha mninga, zisibonyee kabisa. Akavikandamiza vifuniko vya mabomba kwa goti hadi vikashika mizunguko miwili tu ya hesi. "Imekamata," akajiambia. Oili nayo ilikuwa imekwisha dukani. Oili ni nini? Kitu kizito. Na Itigi kuna nini kizito kisichokwisha? Akamimina asali.

Asubuhi ile ya baridi, wakitoka kijijini, asali iligoma kutembea, springi zikagoma kubonyea, na pikipiki ikawa inaruka kama mbuzi. Wao wawili walikuwa wametengwa na gunia la unga katikati ya kiti, maana kwa desturi ya kwao mkwe hamgusi mama mkwe, hamtazami usoni, wala hamsemeshi ila kupitia mtu wa tatu. Na kwa kuwa mtu wa tatu hakuwepo, mama alimtafuta aliyekuwepo.

"Wewe pikipiki," alisema, "mwambie mkwe wangu huko mbele kumekuwa kugumu kama jiwe. Kuna nini?"

"Pikipiki, mwambie mama nimeweka springi mpya. Za kubebea mzigo."

"Muulize, mzigo gani?"

Antipasi, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa jibu tangu darasa la kwanza, safari hii alijibu kwa usukani. Akakata kona haraka kuingia njia ya tembo, njia ya mkato, mradi afanye kitu. Hapo ndipo walipogonga mzizi uliokatiza njia, kifuniko kimoja kikafyatuka.

Sasa mama alikuwa amelala chali. Kisiki kilichochongoka kilikuwa kimeingia kwenye shavu la mguu wake na kutoka, na damu ilitiririka ikinywewa na mchanga. Antipasi alisimama hatua chache, uso ameugeuzia kando. Desturi ilimshika kama pingu.

"Pikipiki," mama akasema kwa sauti ndogo, "mwambie huyo mtu kwamba nakufa."

Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, haikumwambia mtu kitu.

Antipasi akapiga magoti. Akavua shati, akalichana, akaushika mguu wa mama mkwe wake. Alitegemea radi. Radi haikupiga.

"Mama, nisamehe..."

"Kaza!"

"Nimekaza, mama, ila..."

"Kaza tena! Samahani utaomba nikiwa hai."

Ndipo wakagutuka. Walikuwa wamesemeshana. Uso kwa uso. Mama akafumba macho kama aliyeona jini. Antipasi akaangalia viganja vyake kama si vyake.

Damu ilipungua, haikukoma. Na maji hakuna. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Kichaka cha Itigi kilikuwa kijivu, kimefumana kama kikapu, jua limesimama utosini, wala hujui mashariki ni wapi. Antipasi alitaka kulamba asali mkononi.

"Acha," mama akasema. "Asali bila maji itakufunga koo."

Antipasi akamgeuzia mgongo, akachuchumaa. Mama aliuangalia ule mgongo kwa muda. Kisha akapanda.

Antipasi alitembea akiinama chini ya matawi, miiba ikimchora kifua na mikono. Alitafuta sauti ya reli. Akipata reli, amepata Itigi, amempata Dina. Kila alipopumzika mguu wa mama ulikuwa mwekundu zaidi na sauti yake ndogo zaidi.

"Nilimwambia Dina ameolewa na mchekeshaji," mama alinong'ona begani.

"Alinieleza, mama."

"Mbona leo huchekeshi?"

"Leo nimebeba mzigo."

Hakuwa amekusudia utani. Lakini alisikia tumbo la mama likitikisika mgongoni mwake, na akashtuka kugundua kwamba mama alikuwa anacheka.

Ndipo waliposikia: fuu! Fuu! Mbele, karibu kabisa, pumzi nzito ya moshi.

"Garimoshi!" Antipasi akapiga kelele. "Mama, tumefika stesheni!"

Garimoshi likatoa pembe mbili kichakani. Lilikuwa na masikio. Lilikuwa na macho madogo mekundu, na lilikuwa limekasirika.

Antipasi hakumbuki alirukaje. Anakumbuka miiba, uzito wa mama juu yake, ardhi ikitetemeka, na kifaru akipita mahali walipokuwa wamesimama, akivunja miti kama mabua, pumzi yake ya moto ikiwapuliza vumbi puani. Kisha hakuna kitu. Kichaka kikajifunga tena kana kwamba hakikufunguka.

"Stesheni gani hiyo?" mama akauliza.

Alimbeba tena, akafuata uwazi alioufungua mnyama. Matawi yakaachana, na mbele yao kikang'aa kitu cha chuma. Antipasi akakisogelea. Ilikuwa pikipiki. Ile ile, imelala vile vile. Safari yote ile walikuwa wamezunguka kama ng'ombe wa kupura nafaka.

Akaketi chini. Alitaka kulia, ila macho hayakuwa na maji ya kupoteza. Mama alimwegemea. Kichwa chake kilikuwa kizito begani. Alipomwita, alichelewa kuitika.

Pikipiki ilikuwa inavuma. Injini imezimika, lakini inavuma. Akainua uso: shokapu iliyopasuka ilikuwa nyeusi kwa nyuki, wanasukumana juu ya asali iliyomwagika.

"Mama! Nyuki!"

"Tumebakiza hao tu," mama akajibu.

"Hapana, tazama wanakokwenda. Wanashiba, wanapaa, wanapita pale, wote. Nyuki kwao kuna maji."

Mama akafumbua jicho moja, akaufuatilia mstari ule wa vidoa angani. "Basi nyanyuka," alisema. "Unangoja pikipiki ikwambie?"

Alifuata nyuki. Walipompotea alisimama hadi mwingine akapita juu. Alianguka, akainuka, akaanguka, akamvuta mama kwa mikono, akainuka. Hatimaye miti ikapanda juu, na katika matawi ikaonekana mizinga ya magogo, na chini yake mtumbwi mdogo uliochongwa, umejazwa maji, vijiti vimetandazwa juu nyuki wasizame. Alimnywesha mama kwanza, kwa kiganja chake mwenyewe.

Ndivyo mwenye mizinga, mzee aitwaye Gasto, alivyowakuta.

"Huyu ni nani wako?" akauliza.

"Mama mkwe wangu."

Mzee Gasto aliangusha mwenge wa moshi, akajifunika uso kwa viganja vyote. Ndipo akakimbia kuita watu wa machela.

Walifika Itigi jua likikaribia kuzama. Mganga wa zahanati aliushona mguu, na siku ya pili mama, mguu ukiwa juu ya kigoda, alimpokea mjukuu wake wa kiume kwa mikono yake. Antipasi akatoa mbuzi wa kusafisha aibu ya kumgusa mkwewe, na mambo yakarudi yalivyokuwa: kusemeshana kupitia mtu wa tatu tu.

Pikipiki ilipoburutwa hadi uani, majirani walijaa kuitazama. Antipasi alikuwa anarudisha springi za zamani bila kuinua kichwa. Mama Elizabeti akachechemea hadi ilipo, mtoto kifuani, akaigeukia taa ya pikipiki.

"Wewe pikipiki. Mwambie mkwe wangu hizo laini haziniwezi. Aweke zile ngumu."

Ua zima likageuka kumtazama Antipasi.

"Ila safari hii, kifuniko akikaze. Akikaze kama alivyoukaza mguu wangu."

Antipasi aliishika spana kwa mikono miwili. "Pikipiki," akasema, "mwambie mama nimesikia."