Hatushuki Jumapili

— Nasema mbele ya mama, usije ukasema hukusikia. Ni mimi au ni kayaki. Chagua.

Nkirote alikiweka kikombe cha chai mezani. Walikuwa Runyenjes, Embu, nyumbani kwa kina Gachoki, na hii ndiyo siku aliyoletwa kutambulishwa kwa mama mkwe mtarajiwa. Chapati hata hazijapoa.

— Gachoki, si ulinipata mtoni? Tulijuana nikikufundisha kushika kasia.

— Hiyo ilikuwa zamani. Siwezi kuwa na bibi anaruka maporomoko na mimi nimekaa nikingoja maiti.

— Mama, na wewe unasema hivyo?

Mama Gachoki alifuta mikono kwenye leso.

— Mwanangu, mimi nimeambiwa hiyo kitu inaua. Sitaki kuzika mtu.

Hapo hakuwa amedanganywa. Kati ya Meru na Embu, kila mwendesha kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki, alilijua jina la Nkirote, maana ni yeye peke yake aliyewahi kushuka Kinu. Ni pale Mto Thingithu unapobanwa na kuta mbili za mawe, ukaporomoka na kuanza kutwanga kila kinachoingia. Ukikosea njia, maji hukuzungusha palepale mpaka uishiwe nguvu.

— Asante kwa chai, Mama. Gachoki, nimechagua kwenda nyumbani.

Alilia njia nzima mpaka Meru, wala hakujificha. Alimpenda yule mwanamume, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Jumapili, ibada ikiwa imepamba moto, simu ilitetema mkobani.

"Leo mimi na Muthomi tunashuka Kinu. Nilikuja jana nikaikagua, maji iko chini kabisa. Nataka nione hiyo kitu unaipenda kuliko mimi."

Nkirote aliusoma ujumbe wa Gachoki mara mbili. Jana! Jana ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi wakulima wa kule juu hufungua mifereji yao yote kumwagilia kabichi na minji, mto ukabaki nusu. Jumapili hakuna anayemwagilia. Ni sheria waliyojiwekea wenyewe: asubuhi mifereji inafungwa, watu wanaenda kanisani, na kufika saa sita mto mzima umerudi njiani mwake. Ndiyo maana kila mara alimwambia Gachoki, "Hatushuki Jumapili." Na Gachoki, mtu wa Embu, mgeni wa mto ule, hakuwahi kuuliza kwa nini.

Alitoka nje mbio akapiga simu. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Mara ikaingia simu ya Muthomi, rafiki yake Gachoki.

— Nkirote! Ngai, Nkirote!

— Sema!

— Gachoki amekwama! Kuna gogo limelala hapo chini ya Kinu. Kayaki imeingia chini yake ikakunjika, mguu umebanwa ndani. Nimemrushia kamba ameshika, lakini hatoki!

— Kichwa kiko nje?

— Kiko nje. Lakini maji inapanda, na mvua haijanyesha! Sijui inatoka wapi!

— Usivute kamba kwa nguvu, utamzamisha. Mwambie nakuja.

Alirudi kanisani, akapita katikati ya viti mpaka mbele kabisa. Pasta alikatiza mahubiri. Baba yake, Mzee Kithinji, alikuwa amekaa na wazee wenzake. Yeye ndiye mwenyekiti wa mifereji, na mtu akithubutu kuifungua siku ya Bwana ni yeye anayemtoza mbuzi.

— Baba, fungueni mifereji.

— Leo?

— Yote. Kuna mtu amebanwa Kinu na maji yanampanda.

— Mtu gani?

— Gachoki.

Kanisa zima lilimjua Gachoki na jinsi alivyomrudisha binti wa watu kwao akilia. Mzee Kithinji alimtazama mwanawe, kisha akachukua kofia yake.

— Huyo kijana nitamgombeza akiwa hai. Wanaume, twendeni!

Mabenchi yalikwaruza sakafu. Wazee waliovaa suti na viatu vya kung'aa walitoka mbio kuelekea mashambani, na pasta akiwa nyuma yao amekunja suruali.

Nkirote alipitia nyumbani kuchukua kayaki, akaifunga kwa mpira nyuma ya bodaboda. Alivaa helmeti na jaketi la kuokolea juu ya gauni la kanisani. Dereva alikaza mwendo.

Alifika juu ya korongo. Hakuwahi kuiona Kinu ikiwa hivi. Maji yalikuwa mengi na mazito, na chini kabisa, katikati ya mto, kichwa cha Gachoki kilionekana kando ya gogo. Hakuna aliyeweza kumfikia kutoka ukingoni. Njia ilikuwa moja tu.

Muthomi alikuwa ng'ambo, kamba mikononi, akipiga kelele:

— Usishuke! Nkirote, na maji hii hakuna mtu ameshuka!

— Basi niangalie vizuri!

Aliingia. Maji yalimchukua kwa fujo hata kabla hajajiweka sawa. Akaegemea kushoto, akapiga kasia mara mbili kwa nguvu zake zote, na pale mto ulipotaka kumvutia katikati penye kutwanga, akaruka pembeni ukutani, bega likakwaruza mwamba. Akazama. Akaibuka. Alikuwa upande wa chini, mzima, na jiwe kubwa linaloshikilia gogo liko mbele yake. Akalikumbatia, akajitoa kwenye kayaki, akatambaa hadi alipomfikia Gachoki na kumshika kwa mikanda ya jaketi.

— Umekuja kufanya nini? Utakufa!

— Nyamaza. Pumua kwa pua.

Maji yalikuwa yamefika kidevuni. Alimvuta kwa mikono yote miwili, akamwinua kidogo tu.

— Baba amekwenda kufungua mifereji. Mto utashuka. Kazi yetu ni kungoja.

— Mifereji gani?

— Jumapili inafungwa, Gachoki! Maji yote yanarudi mtoni. Si nilikwambia hatushuki Jumapili?

— Nilidhani ni mambo ya kanisa!

— Si ungeuliza!

— Si ungenieleza!

Hata hapo, na kifo kimekaa kidevuni, walikuwa wanagombana. Kisha wimbi likampiga mdomoni, akakohoa, na sauti yake ikabadilika.

— Nkirote, wacha nikiri kitu kabla nife.

— Hufi. Sema.

— Sikuwa naogopa ufe. Muthomi na wengine wananicheka. Kila mahali naitwa bwana ya Nkirote, yule hawezi Kinu. Niliona aibu. Nikamdanganya mama pia.

Nkirote alisikia hasira ikimpanda kuliko ule mto. Siku zote zile za machozi, kumbe ni wivu!

— Ulinirudisha kwetu kwa sababu nakushinda?

— Ndio.

— Ningekuwa na mkono wa tatu ningekuzaba kofi.

— Nizabe nikitoka.

— Na utatoka. Siachilii.

Hakuachilia. Mikono ilikufa ganzi, mabega yakawaka, maji yakagusa mdomo wa chini wa Gachoki, naye akainua uso juu na kufumba macho. Nkirote akaomba kwa sauti, kwa Kimeru, bila aibu yoyote.

Halafu maji yakaacha kupanda.

— Gachoki. Tazama lile jiwe. Limeota mstari wa unyevu juu ya maji.

Mstari ule ulipanuka. Maji yakarudi kidevuni, yakashuka shingoni, yakafika kifuani. Kule juu, wanaume wa kanisa zima walikuwa wameinua kila lango la mfereji, na mashamba yakawa yanakunywa mto siku ya Jumapili kwa mara ya kwanza. Uzito ulipopungua, ile plastiki iliyokunjika ikalegea, na mguu ukachomoka.

— Muthomi, vuta!

Walivutwa wote wawili mpaka ukingoni. Gachoki alilala kwenye majani akitetemeka, mguu umechubuka lakini haujavunjika. Nkirote alimzaba kofi. Kisha akamkumbatia, na wote wawili wakalia.

Mwezi uliofuata, ujumbe wa wazee kutoka Embu ulifika kwa Mzee Kithinji kuomba binti. Kwa desturi bwana harusi hukaa kimya, wazee wakamsemea. Mzee Kithinji akauliza:

— Huyu kijana wenu ataweza kumlinda mtoto wangu?

Msemaji wao alikuwa anafungua mdomo, Gachoki akasimama. Watu wakanong'ona. Muthomi na marafiki wote walikuwepo.

— Mzee, pale mtoni siwezi kumlinda. Ni yeye alinitoa. Nilitaka aache kwa sababu ananishinda, na mpaka leo ananishinda. Nimekuja kuomba bibi, sikuja kuomba aache. Na mama, nilikudanganya. Nisamehe.

Hakuna aliyecheka. Mama Gachoki aliinuka polepole, akavuka uwanja hadi upande wa wenyeji, akamshika Nkirote mkono na kusimama naye huko huko.

Mzee Kithinji alimgeukia binti yake.

— Umesikia mwenyewe. Tuwapokee au warudi kwao?

Nkirote alimtazama yule mwanamume aliyesimama mbele za watu bila mahali pa kujificha, na akahisi anampenda kuliko siku ile ya kwanza.

— Wapokeeni, Baba.

Vigelegele vililipuka mpaka ng'ambo ya mto.