Karatasi Aliyoniandikisha Anyisile

Eeh, kwa nini kila mpangaji nampa karatasi kwanza? Si akili yangu hiyo, mjukuu wangu. Ni ya Anyisile, jirani yetu mwenye vyumba vinne hapa Ipyana. Mwanamke yule ana kichwa! Kaa nikueleze.

Zamani mtu akitaka chumba, nilimwangalia tu usoni. Halafu namuuliza, "Kwenu mnazika wapi?" Sisi Wanyakyusa ndivyo tulivyojuana.

Basi akaja Doreen, muuza mchele, na watoto wake wawili. Walikuwa wanalala gesti. Shule inafunguliwa Jumatatu. Nikamuuliza swali langu.

"Ng'ambo ya Mto Songwe, babu, Malawi. Lakini mimi nimezaliwa upande huu huu, Ngana."

Nikaona huyu si wa kwetu. Nikamwambia, "Kalete barua ya mwenyekiti wa kitongoji." Akaleta. Nikasema, "Na mdhamini je?" Akamleta. Nikasema chumba kimeshapata mtu. Uongo mtupu!

Doreen akatazama mlango wa chumba. Kufuli bado linaning'inia.

"Sawa, babu. Watoto nitawarudisha kwa bibi yao ng'ambo. Shule basi tena."

Akaondoka. Anyisile alikuwa anaanika kokoa uani kwake, kasikia yote. Hakunigombeza mbele ya mgeni, mama yule! Alingoja, ndipo akaja na daftari.

"Babu Asajile, andika masharti yako. La kwanza?"

"Kwenu mnazika wapi."

"Unapangisha chumba au kaburi?"

Bibi yako akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Haya, andika," Anyisile akasema. "Kisha umsomee Doreen kwa sauti."

Nikashika kalamu. Nikaiweka chini. Nitamsomeaje mama wa watu maneno yale?

"Kama unaona aibu kulisoma, hilo si sharti," akasema. "Sharti lihusu kukaa vizuri na kulipa kodi. Liwe moja kwa wote. Mtu apewe karatasi kabla hajaanza kuhangaika. Ukimkataa, mwonyeshe ni lipi lililomshinda. Mimi hata niliowakataa hunisalimia."

Tukaandika: awe na kazi au biashara. Mdhamini mmoja. Barua ya mwenyekiti. Chumba kimoja, watu wasizidi wanne. Basi, mambo manne tu! Mimi niliishia darasa la tatu, lakini niliyaandika kwa mkono wangu.

Nikaenda gesti mwenyewe. Doreen alikuwa anafunga nguo za watoto kwenye kitenge.

"Nimekukosea, mwanangu," nikasema. "Chumba hakijapata mtu. Masharti yangu ni haya, hakuna mengine."

Akasoma taratibu, kidole juu ya mstari.

"Biashara ninayo. Mdhamini ninaye. Barua unayo wewe. Tuko watatu." Akaniangalia. "Babu, mbona yote ninayo?"

"Ndiyo, mwanangu. Unayo."

"Ndaga fijo, asante sana," akasema, akaanza kufungua kile kitenge. Nikamwambia, "Usifungulie hapa, twende nyumbani!"

Akahamia siku hiyo hiyo, Jumamosi. Jumatatu watoto wakaingia darasani. Na wewe juzi ulimwona yule kijana fundi: alisoma, akasema mdhamini hana, akaenda kumtafuta. Hakuna ugomvi, hakuna kuzungushana. Ninamvulia kofia Anyisile.

Jumamosi hiyo Doreen alitoa mchele, Anyisile akaleta dagaa wa usipa. Mimi bado nawasimulia majirani habari za karatasi mlangoni. Bibi yako akaniita mara tatu. Watoto wakanawa, Doreen akanawa, mimi nikanawa wa mwisho, tukakaa wote mkekani, tukala.